Kinyozi Anayejinyoa

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Methali hii hufundishwa shuleni kama onyo kwa mtu anayedhani kwamba anajitosheleza: hata fundi huhitaji mkono wa mwenzake. Katika insha hii ningependa kuijadili kwa upande mwingine, yaani upande wa ushahidi. Je, kitu kinaweza kutoa ushahidi kuhusu nafsi yake, ushahidi ambao mtu mwenye akili timamu anaweza kuupokea? Mfano wangu hautoki mahakamani. Unatoka katika maabara za fizikia, ambako kwa zaidi ya miaka hamsini watu wamejaribu kupima mipigo ya mwanga wa leza iliyo mifupi kuliko kasi ya chombo chochote cha kuipimia. Nimeuchagua kwa sababu huko kinyozi alilazimika kujinyoa. Kinyozi mwingine hakuwepo.

Kanuni ya kupima tunaijua sote. Mnunuzi asiyeiamini mizani ya muuzaji wa maharage hubeba mfuko wake hadi mizani ya jirani. Mshonaji hupima kitambaa kwa utepe ambao haukukatwa katika kitambaa hichohicho. Na anayetaka kupima kitu kidogo hutafuta chombo chenye alama ndogo zaidi kuliko kitu chenyewe. Kwa muda, kanuni ni hiyohiyo. Mwaka 1878, huko Palo Alto katika jimbo la California, Eadweard Muybridge alipanga kamera kumi na mbili kandokando ya njia ya farasi ili kujua kama farasi anayekimbia huinua kwato zote nne kwa wakati mmoja. Alifanikiwa kwa kuwa kila kamera ilifunguka na kufungwa upesi kuliko mguu wa farasi ulivyosogea. Kamera ingekuwa nzito kuliko farasi, picha ingetoka ukungu mtupu.

Sasa fikiria tukio ambalo ndilo jepesi kuliko yote ambayo binadamu ameweza kuyatengeneza. Utalipiga picha kwa kamera gani?

Hapo ndipo wanafizikia walipokwama. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza mwaka 1960. Kabla ya muongo huo kwisha, watafiti walikuwa wamejifunza kuufanya mwanga wa leza utoke kwa mipigo mifupi sana badala ya kutiririka kama maji ya bomba. Mipigo hiyo ilikuwa ya pikosekunde, yaani sehemu ya milioni ya milioni ya sekunde. Baadaye ikashuka hadi femtosekunde, ambayo ni sehemu ya elfu ya pikosekunde. Lugha yetu ina maneno mazuri ya muda mfupi: punde, mara, ghafla, kufumba na kufumbua. Lakini kufumba na kufumbua jicho ni safari ndefu mno hapa. Femtosekunde moja ikilinganishwa na sekunde ni kama sekunde moja ikilinganishwa na miaka milioni 32 hivi. Mwanga, ambao kwa sekunde moja ungeizunguka dunia zaidi ya mara saba, katika femtosekunde moja hupiga hatua ya maikromita 0.3 tu, umbali mdogo kuliko upana wa bakteria wengi. Kipokezi cha mwanga cha kielektroniki, hata kiwe cha bei gani, hujibu kwa pikosekunde kadhaa. Ukikielekezea mpigo wa femtosekunde 100, kitakuonyesha umbo la uzito wake chenyewe, si umbo la mpigo.

Katika dunia hiyo, kitu pekee kilichokuwa kifupi kama mpigo kilikuwa mpigo wenyewe. Basi wakaamua kuutumia mpigo kuupima mpigo.

Ujanja huo unaelezeka bila hesabu nyingi. Mpigo hugawanywa na kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu nyingine. Nusu moja huenda njia yake moja kwa moja. Ya pili hupelekwa kwenye kioo kinachoweza kusogezwa mbele au nyuma, ili ichelewe kidogo. Kisha nusu zote mbili hukutanishwa ndani ya fuwele maalumu. Fuwele hiyo ina tabia ya pekee: nusu mbili zikifika kwa wakati mmoja, hutoa mwanga wa rangi mpya. Mwanga mwekundu usioonekana kwa macho, kwa mfano, huzaa mwanga wa buluu. Zikipishana, mwanga huo wa pamoja hauzaliwi. Kwa hiyo mtafiti husogeza kioo taratibu na kuandika kiasi cha buluu katika kila hatua. Pale nusu zinapolingana kabisa buluu hufika kileleni, na zinapoachana hufifia. Upana wa mlima unaochoreka ndio unaosema mpigo ni mrefu kiasi gani. Jina lake la kitaalamu ni otokorelesheni. Mimi naona Kiswahili kinaweza kuiita kujilinganisha.

Hapa nitoe hoja moja inayorahisisha swali letu. Mtu anaweza kusema kwamba huu ni mzunguko mtupu: mpigo unajipima kwa mpigo, kama mtu anayethibitisha ukweli wa maneno yake kwa kuyarudia. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein alisema jambo linalokaribiana na hili kuhusu ile fimbo ya mita moja iliyohifadhiwa Paris: hiyo ndiyo fimbo pekee ambayo huwezi kusema ina urefu wa mita moja, wala huwezi kusema haina, kwa sababu yenyewe ndiyo kipimo. Lakini mpigo wa leza hauko katika hali hiyo. Ucheleweshaji wa ile nusu ya pili hausomwi kwenye mpigo. Unasomwa kwenye umbali ambao kioo kimesogezwa, na umbali huo unapimika kwa chombo cha kawaida. Kioo kikisogezwa nyuma maikromita 15, mwanga huenda na kurudi, kwa hiyo unasafiri maikromita 30 za ziada na kuchelewa femtosekunde 100. Kwa maneno mengine, shahidi ni mpigo, lakini saa iliyo mezani kwa hakimu ni ya hakimu. Tofauti hii ni kubwa. Kujitolea ushahidi na kujihukumu ni mambo mawili, na wengi wanaoilaani dhana ya kujipima huyachanganya.

Hata hivyo, shahidi huyu ana upungufu, na upungufu wake ndio uliobeba swali la maadili.

Kwanza, mchoro wa kujilinganisha huwa na pande mbili zinazofanana daima. Mpigo wenyewe unaweza kupanda ghafla na kushuka polepole, au kupanda polepole na kushuka ghafla; mlima utatoka uleule. Sababu yake si ngumu: nusu ya kwanza ikimtangulia mwenzake au ikitanguliwa naye, ni kukutana kulekule. Kwa hiyo shahidi huyu hawezi kukuambia lipi lilitangulia na lipi lilifuata. Ana kumbukumbu ya tukio bila mpangilio wa wakati. Fikiria shahidi wa ajali anayejua kwamba gari liligonga na kwamba dereva alifunga breki, lakini hajui kipi kilianza.

Pili, na hapa ndipo pananigusa zaidi, ili kutoka katika upana wa mlima hadi urefu wa mpigo ni lazima ukisie umbo la mpigo. Tuseme mlima una upana wa femtosekunde 100. Ukichukulia kwamba mpigo una umbo la kengele, lile la Gauss, utagawanya kwa 1.41 na kupata femtosekunde 71. Ukichukulia umbo jingine linalopendwa na watu wa leza, lenye kilele chembamba na miguu mirefu kidogo, utagawanya kwa 1.54 na kupata 65. Yapo maumbo ambayo yangekupa 50. Mchoro ni mmoja, maabara ni moja, siku ni moja, na mpigo umefupika kwa kalamu. Hakuna aliyedanganya. Lile umbo la pili lina sababu zake za kinadharia kwa baadhi ya leza. Lakini kumbuka kwamba kwa miaka mingi sifa katika uwanja huu zilikwenda kwa mwenye mpigo mfupi zaidi. Mwaka 1987 kundi la Bell Laboratories nchini Marekani lilifikia femtosekunde 6, na rekodi hiyo ilikaa miaka kadhaa. Pale ambapo ufupi ni heshima na umbo ni la kukisia, mtu atakisia umbo gani? Mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hii haisemi kwamba mwamba ngoma ni mwizi. Inasema tu ngozi itakapoishia kama hakuna aliyeshika upande wa pili.

Nilipomweleza hoja hii mwenzangu wa chumba hosteli, ambaye anasoma fizikia, alinipinga vikali. Alisema kila kipimo kina dhana ndani yake. Hata mizani ya maharage inachukulia kwamba jiwe la kilo ni kilo. Ukikataa dhana utakataa sayansi yote, alisema, na utabaki na mashairi yako. Nakubali sehemu ya kwanza. Lakini dhana ya mizani ninaweza kuikagua: nitachukua jiwe jingine, nitaenda mizani nyingine. Dhana ya umbo la mpigo, katika kujilinganisha, haiwezi kukaguliwa kwa kujilinganisha, kwani maumbo mengi tofauti yanaweza kutoa mlima uleule au milima ambayo jicho haliwezi kuitofautisha. Nisichoweza kukubali ni dhana ambayo hata ingekuwa ya uongo matokeo yasingebadilika.

Maneno hayo yananipeleka kwenye kisa ambacho naona ni cha thamani kuliko vyote katika historia hii, na ambacho hakijulikani sana nje ya watu wa leza.

Mwaka 1967 Giordmaine na wenzake wa Bell Laboratories walipata njia rahisi ya kujilinganisha kwa mpigo mmoja bila kusogeza kioo. Mipigo miwili iliyogawanywa iliachwa ikutane uso kwa uso ndani ya rangi ya maji inayong'aa pale tu inapopokea mwanga mkali. Kamera ya kawaida iliwekwa pembeni. Katika picha ulionekana mstari wenye mng'ao hafifu, na katikati, pale mipigo ilipokutana, doa angavu. Doa likiwa jembamba, mpigo ni mfupi. Njia hii ilipendwa, kwani haikuhitaji vifaa vingi, na picha zake zilikuwa nzuri. Ripoti za mipigo ya pikosekunde chache zikaandikwa.

Kisha likaja swali baya. Doa lingeonekanaje kama leza isingetoa mpigo mfupi hata mmoja? Yaani kama ingetoa kelele tu, mwanga mrefu uliovurugika, unaopanda na kushuka bila utaratibu? Jibu ni kwamba doa lingeonekana vilevile, jembamba na la kupendeza. Sababu ni hii. Chukua kelele zozote, zigawanye mara mbili, kisha zikutanishe bila kuchelewesha upande wowote. Kila kilima cha upande mmoja kitakutana na kilima hichohicho cha upande wa pili, na kila bonde litakutana na bonde lake. Zitalingana kikamilifu. Ukichelewesha kidogo tu, zitaachana. Kwa hiyo kutakuwa na kilele chembamba pale katikati, na kilele hicho hakisemi lolote kuhusu urefu wa mwanga ule. Kinasema kwamba kitu ni sawa na nafsi yake. Hiyo ni kweli kwa mpigo, ni kweli kwa kelele, ni kweli kwangu na kwako. Ni ukweli usioweza kukosekana, na kwa sababu hiyohiyo hautufundishi kitu.

Dawa haikuwa mbali. Tofauti ya mpigo na kelele haikuwa katika upana wa doa, ilikuwa katika mng'ao hafifu unaolizunguka. Kwa mipigo halisi doa linapaswa kung'aa mara 3 ya mandhari yake. Kwa kelele tupu ni mara 1.5 tu. Waliokuwa na picha walikuwa na jibu ndani ya picha zao, lakini jicho lilivutwa na kilele likaacha kutazama miguuni pake. Na kupima ung'avu kwenye filamu ni kazi ngumu kuliko kupima upana, jambo ambalo nadhani lilisaidia kulisahaulisha. Hoja hii ilielezwa waziwazi mwaka 1968, mwaka mmoja tu baadaye, na miongoni mwa walioieleza alikuwamo Giordmaine mwenyewe. Nilipolisoma jambo hili nilifurahi kuliko niliposoma rekodi yoyote ya ufupi. Mwenye njia ndiye aliyesaidia kuonyesha pale ambapo njia yake ingeweza kumpotosha mtu.

Kutokana na kisa hiki ninaweza sasa kujibu swali langu kwa namna moja. Ushahidi wa nafsi haukataliwi kwa sababu umetoka kwa nafsi. Unakataliwa iwapo ungetoka vilevile hata kama nafsi hiyo ingekuwa kinyume cha inavyodai. Mtu anayesema "mimi ni mkweli" hajasema kitu, kwani mkweli na mwongo wote husema hivyo. Lile ndilo doa jembamba katikati ya picha. Lakini mtu huyohuyo akisimulia siku yake saa kwa saa, mbele ya watu waliokuwapo saa hizo, anajitolea ushahidi ambao unaweza kumwangusha. Kuna mahali pa kumshika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Rick Trebino na Daniel Kane, wakiwa Sandia National Laboratories, Marekani, walifanya jambo ambalo kwa maoni yangu ni hilohilo kwa lugha ya mwanga. Hawakumtafuta shahidi mwingine. Mpigo uliendelea kujipima kwa nakala yake. Walichobadilisha ni maswali. Badala ya kuuliza tu ni kiasi gani cha mwanga mpya kimezaliwa katika kila hatua ya kuchelewa, waliutandaza mwanga huo katika rangi zake na kuuliza ni kiasi gani katika kila rangi. Mchoro ukawa si mstari tena, ukawa ramani: muda upande mmoja, rangi upande wa pili. Ni kama karatasi ya muziki, ambayo huonyesha sauti gani inapigwa na inapigwa lini. Walikiita kifaa chao FROG, yaani chura. (Watu wa fani hii wana utani wa majina ya wanyama: baada ya chura alikuja buibui, kisha sungura. Ngano zetu zingewapokea vizuri.)

Faida ya ramani ni wingi wake. Tuseme umegawa muda katika hatua 128 na rangi katika sehemu 128. Umepata namba 16,384. Lakini ili kuueleza mpigo wote, nguvu yake na mpangilio wa mawimbi yake, unahitaji namba 256 tu. Kompyuta hutafuta mpigo ambao ungezaa ramani ile. Kama ramani ina kasoro, kama kioo kilitikisika au mwanga wa nje uliingia, kwa kawaida hautapatikana mpigo wowote duniani wa kuizaa, na hitilafu itaonekana. Shahidi ameulizwa maswali mengi kuliko anavyoweza kuyatungia uongo unaopatana. Mahakimu wa zamani walijua hili bila kompyuta: waliwauliza mashahidi mti gani, saa ngapi, kivuli kilikuwa upande upi.

Sitaki kumsifu chura kupita kiasi. Aina yake inayotumika sana bado haijui mwelekeo wa wakati, kasoro ileile ya zamani. Lakini dawa yake inachekesha kwa urahisi wake. Unapitisha mpigo katika kipande cha kioo cha kawaida na kuupima tena. Katika kioo, mwanga mwekundu hutangulia na wa buluu hubaki nyuma. Hili linajulikana kwa hakika. Ukiona badiliko gani limetokea, unajua mwanzo ulikuwa upande upi. Yaani shahidi akishindwa kueleza mpangilio, mtie katika hali unayoijua vizuri, kisha umtazame.

Buibui, au SPIDER, alitoka mwaka 1998 kwa kazi ya Chris Iaconis na Ian Walmsley, huko Rochester, Marekani. Yeye ni mwepesi na hahitaji kompyuta ikisiekisie. Anahitaji data chache tu, na jibu huja moja kwa moja. Lakini uchache huo una gharama. Leza hutoa mipigo mamilioni kwa sekunde, na mara nyingi kinachopimwa ni mkusanyiko wa mipigo mingi kwa pamoja. Ikiwa mipigo haifanani, kila mmoja ukiwa na vurugu zake, kipimo kinapima nini? Mwaka 2012 watafiti kadhaa walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba katika hali hiyo SPIDER hutoa mpigo mmoja mfupi, safi, ambao haukuwahi kuwapo: ni ile sehemu tu ambayo mipigo yote inafanana. Lile doa la mwaka 1967 lilikuwa limerudi katika nguo mpya. Chura, kwa mipigo hiyohiyo, hakuweza kutoa jibu kamili, lakini ramani aliyoipima na ramani aliyoijenga upya zilikataa kulingana, na kukataa huko kulikuwa onyo. Msomaji mwangalifu atauliza kama Trebino, baba wa chura, alikuwa miongoni mwa waandishi hao. Alikuwamo. Mwamba ngoma tena. Lakini hesabu za namna hiyo mtu yeyote anaweza kuzirudia, na hivyo upande wa pili wa ngozi una mikono ya kuushika.

Nimekaa sana na jambo hili la wastani. Tunaposema "vijana wa siku hizi" au "mwanamke wa Kiafrika", tunafanya kama buibui yule. Tunachukua umati wa watu wasiofanana, tunatoa kile kidogo kinachofanana, tunakiona ni kisafi, kisha tunakipa jina kana kwamba ni mtu tunayeweza kukutana naye njiani. Hakuna uongo katika hesabu. Uongo unaingia katika umoja wa nomino.

Pengine mtu atauliza kwa nini haya yote yamhusu asiyekuwa na leza. Jibu moja ni kwamba mipigo hii hutumika. Madaktari wa macho huitumia kukata tabaka la mbele la jicho. Ahmed Zewail, Mmisri aliyefanya kazi California, alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1999 kwa kuitumia kutazama molekuli zikivunjika, jambo ambalo katika mojawapo ya majaribio yake lilichukua takribani femtosekunde 200. Mpigo wake ungekuwa kelele iliyodhaniwa kuwa mpigo, asingeona kuvunjika kwa molekuli. Angeona ukungu na kuupa jina. Na kazi haijaisha. Mwaka 2001 Pierre Agostini na wenzake nchini Ufaransa walipima mipigo ya atosekunde 250, na kundi la Ferenc Krausz huko Vienna likatenga mpigo mmoja wa atosekunde 650. Atosekunde ni sehemu ya elfu ya femtosekunde. Wawili hao pamoja na Anne L'Huillier walipewa Nobel ya Fizikia mwaka 2023. Mipigo hiyo ni dhaifu mno kujilinganisha kirahisi, kwa hiyo hupimwa kwa msaada wa mpigo wa leza uliouzaa: elektroni hung'olewa na mpigo mfupi, na leza ileile huzisukuma njiani. Shahidi hapo si nafsi, lakini ni mzazi. Sheria za mashahidi walio ndugu wa damu ningemwachia mwanafunzi wa sheria.

Jibu la pili ni la mwanafunzi wa lugha. Katika makala za leza, chini ya mchoro, huwa kuna maneno madogo yanayosema urefu umepatikana kwa kuchukulia umbo fulani. Nimejaribu kuyaandika kwa Kiswahili na nimeona kwamba sarufi yetu inalazimisha uamuzi ambao Kiingereza cha makala zile kinaukwepa. Naweza kuandika: "Mpigo una femtosekunde 65." Hapo nimesimama nyuma ya namba. Naweza kuandika: "Mpigo ungekuwa na femtosekunde 65 kama umbo lake lingekuwa hili." Hapo -nge- imebeba dhana yote mgongoni na msomaji anaiona. Au naweza kuandika: "Eti mpigo una femtosekunde 65," na hapo nimemkana shahidi kabisa. Mwenzangu wa chumba anasema ya pili ni ndefu mno kwa maelezo ya mchoro. Tumebishana juu yake wiki mbili sasa. Yeye ametoa pendekezo la kuweka -nge- katika sentensi ya kwanza tu, kisha kuendelea na -na- katika ukurasa mzima. Mimi bado sijakubali.